Kumbo na Athari: Juu ya Kutafsiri Neno Moja la Kiingereza

Katika lugha ya Kiingereza limo neno dogo la silabi moja, "brunt", ambalo wanafunzi wengi wa tafsiri hulipita mbio kama msafiri apitavyo kijiji kisicho na duka. Lakini neno hili ni kongwe, na ukongwe wake unafaa kutazamwa. Katika karne ya 14 maana yake ilikuwa pigo tu, dharuba ya ghafula. Kutoka pigo likawa shambulio. Kutoka shambulio likawa ule ukali wa mbele wa shambulio, pale ambapo nguvu kubwa ya adui hukutana na mwili wa mtu wa kwanza. Asili yake hasa bado wanazuoni wanaibishania. Shakespeare katika tamthilia yake ya Coriolanus alilitumia kwa shujaa aliyekwisha kukabili vita vingi, na humo neno limesimama peke yake, bila msaada wa kitenzi kilichozoeleka. Siku hizi Mwingereza hawezi kulisema ila pamoja na kitenzi cha kubeba au kustahimili. Limekuwa kama mzee asiyetoka nyumbani bila mkongojo wake.

Maana yake ya leo ni nguvu kuu ya jambo baya, lakini nguvu hiyo huitazama kutoka upande wa anayepigwa. Hapo ndipo linapoachana na maneno mengine ya nguvu. Kiswahili kina neno mabavu, lililotoka katika ubavu, nalo ni neno la mpiganaji: mtu huona kifua na mbavu za yule anayesukuma. Anayesukumwa hayumo. "Brunt" hugeuza uso. Haliulizi mpigaji alikuwa na misuli kiasi gani, bali huuliza pigo lilipokuja nani alikuwa amesimama mbele, na katika maumivu yaliyogawanyika kwa wengi, fungu kubwa lilimwangukia nani. Neno hili halina maana pale ambapo watu wote wameumia sawasawa.

Je, Kiswahili hulitafsirije? Msomaji wa magazeti na wa taarifa za ofisi atakutana na njia mbili. Ya kwanza ni "kubeba mzigo mkubwa". Mfasiri ameona kitenzi cha Kiingereza, akakumbuka kubeba, na kwa kuwa kinachobebwa ni mzigo, basi mzigo ukaingia. Hapo pigo limegeuka kuwa furushi, na aliyepigwa amegeuka kuwa mpagazi. Mpagazi ana safari yenye mwanzo na mwisho. Hutua mzigo jioni, na aghalabu hulipwa. Aliyeangukiwa na pigo hana pa kulitua. Njia ya pili ndiyo inayotawala leo, nayo ni "kuathirika zaidi", pamoja na watoto wake "waathirika wakubwa" na "athari hasi". Athari ni alama inayobaki baada ya jambo kupita. Ni neno zuri, lenye kazi yake katika elimu na katika tiba. Lakini mwandishi anaposema kwamba wakulima fulani "waliathirika", msomaji amepelekwa moja kwa moja mpaka siku ya pili yake, kukagua alama. Kishindo chenyewe kimerukwa. Na kilichorukwa pamoja na kishindo ni swali la nani alipiga.

Ubaya wa tafsiri hizi hauonekani vizuri mpaka zichukuliwe mahali ambapo nguvu ni jambo la kila siku. Mahali pa namna hiyo ni nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania. Huko lugha za asili nne tofauti hukutana: Kiiraqw cha wakulima, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, Kimasai na Kidatooga vya wafugaji, vya jamii ya Kiniloti, Kihadza cha wawindaji wa Bonde la Eyasi, ambacho hakina ndugu anayejulikana, na lugha za Kibantu za majirani na wageni waliohamia. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya shule na ya ofisi. Kwa mzee wa Kimasai au wa Kiiraqw, Kiswahili ni pia lugha ambayo amri humfikia. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa neno moja la nguvu katika tangazo si suala la ufundi mtupu.

Ianzwe na nguvu isiyo na kosa, ambayo ni upepo. Pepo zenye unyevu huja kutoka mashariki, kutoka upande wa bahari, na huukuta mlima wa kwanza mkubwa wa eneo hilo, yaani miteremko ya mashariki na kusini ya milima ya Ngorongoro, juu ya Oldeani na Karatu. Ukingo wa kreta una kimo cha zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Upepo hupanda, hupoa, huacha maji yake huko. Ndiyo maana upande huo una misitu mizito yenye ukungu, na chini yake mashamba ya kahawa, ngano, mahindi na maharage. Ukishavuka mlima umekwisha kuwa mtupu. Upande wa magharibi, kuelekea Olduvai na tambarare za Serengeti, nchi ni kavu na majani ni mafupi. Mwingereza atasema kwamba mteremko wa mashariki hupokea "brunt" ya pepo hizo, na atakuwa amesema vema. Lakini mabaharia wa pwani wana maneno yao kwa jambo hilihili. Upande wa chombo unaoelekea upepo huitwa goshini, na ule uliokingwa ni wa demani. Nahodha asemapo goshini hataji athari wala mzigo: ametaja mahali, na kwa kutaja mahali amekwisha kusema upepo unatoka wapi, nguvu yake inagonga wapi, na nani amejikinga nyuma ya nani. Oldeani iko goshini. Olduvai iko demani. Yamkini hakuna mtu wa Karatu asemaye hivyo, maana bahari iko mbali. Hata hivyo mfano unatosha kukanusha dhana kwamba Kiswahili hakina njia ya kusema nguvu hukutana na nani kwanza.

Nguvu ya pili ina miguu minne. Mashamba ya Karatu yamepakana na msitu wa hifadhi, na kati ya msitu na mahindi aghalabu hapana ila njia ya miguu au kijito. Tembo na nyati hutoka usiku. Mkulima wa ukingoni hukesha, akipiga debe na kuwasha moto, na jirani yake wa mbali kidogo hulala. Huyu wa ukingoni ndiye neno la Kiingereza lilimtungiwa.

Sheria ya nchi imempa mkulima huyu maneno mawili yanayostahili kukaa katika kila kitabu cha fasihi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni za mwaka 2011, aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali hupewa kifuta jasho, na aliyejeruhiwa, au jamaa za aliyeuawa, hupewa kifuta machozi. Hayo si maneno ya kutafsiriwa. Yametoka katika mwili: jasho la aliyelima, machozi ya aliyefiwa. Aliyeyachagua alijua kwamba pigo huangukia paji la uso na macho kabla ya kuangukia takwimu. Lakini mhakiki hapaswi kuishia katika kuyasifu, kwa maana maneno hayo pia yanakataa jambo. Yanakataa neno fidia. Fidia hulipwa na mwenye wajibu, kwa kadiri ya hasara. Kifuta jasho hutolewa na mwenye huruma, kwa kadiri ya uwezo wake. Na kanuni zile za 2011 zilipanga malipo ya mazao kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi: shamba lililo mbali lilipewa zaidi kwa kila ekari, na lililo karibu kabisa, ndani ya nusu kilomita, halikupewa kitu. Sababu inaeleweka, maana sheria haikutaka watu walime mlangoni pa tembo. Lakini kwa lugha ya neno linalojadiliwa hapa, aliyesimama mbele ya pigo ndiye ambaye jasho lake halikufutwa. Ni ajabu kwamba jambo hilo huandikwa katika taarifa kwa maneno "wakulima wanaopakana na hifadhi huathirika zaidi", na sentensi ikafungwa.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili kimekwisha kumaliza suala hili katika methali: wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii ni nzuri na ina maarifa, tena katika Karatu inakaribia kuwa habari badala ya mfano. Lakini haitoshi. Nyasi hazikulengwa na mtu. Ziliumia kwa kuwa zilikuwapo. "Brunt" humhusu pia yule ambaye pigo lilimwelekea yeye hasa, askari wa mstari wa kwanza, ngome iliyo mpakani. Kumwita kila aliyeumizwa nyasi ni kumsamehe tembo upesi mno. Methali nyingine, mwenye nguvu mpishe, iko mbali zaidi, kwa kuwa inamshauri mtu aondoke njiani, na mwenye shamba lake hana pa kumpishia mtu.

Neno lililo karibu zaidi limo kinywani mwa kila msemaji, ila halijapewa hadhi. Nalo ni kukumba, na jina lake kumbo. Kukumba ni kusukuma kwa mwili mzima, kwa bega na ubavu, hata kilichosimama kikaondoka mahali pake. Mtu hupigwa kumbo katika msongamano wa mlango wa basi. Maji ya mto uliofurika huchukua nyumba kwa kumbo. Kutoka humo lugha ilifanya jambo la busara: ilikitia kitenzi katika hali ya kutendwa, ikasema watu wamekumbwa na njaa, wamekumbwa na mafuriko, wamekumbwa na ugonjwa. Hapo nguvu imo, mwili umo, na upande wa kutazama ni ule wa aliyepigwa. Kilichopungua ni kipimo tu, yaani fungu kubwa kuliko la wengine, nacho huongezwa kwa neno jepesi: ndio waliokumbwa kwanza, ndio waliokumbwa zaidi. Sentensi "wakulima wa ukingo wa msitu ndio wanaokumbwa kwanza na tembo" ni fupi, ni ya Kiswahili, na inasema yote ambayo neno la Kiingereza linasema. Kishindo kingefaa pia, lakini kishindo kimetekwa na uchaguzi mkuu, na mtu asomapo neno hilo leo hungoja kutajiwa asilimia ya kura. Dharuba ni ndugu wa damu wa "brunt", maana nayo ilianza kuwa pigo ikaishia kuwa tufani. Washairi wanaijua, waandishi wa habari wameisahau.

Basi ingeonekana kwamba suala limekwisha: watu waache "athari" na wachukue "kumbo". Halijakwisha. Tembo na upepo ni mitihani rahisi. Mtihani mgumu ni pale ambapo kinachosukuma ni mkono wa mwanadamu, na historia ya Ngorongoro imejaa mifano yake.

Mwaka 1958 wawakilishi 12 wa Wamasai walitia alama zao katika hati ya serikali ya kikoloni, wakikubali kuondoka katika Serengeti ya magharibi. Hati iliandikwa kwa Kiingereza na ilitumia lugha ya kukubali. Mwaka uliofuata, 1959, Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa kwa sheria, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300, ili wanyama na wafugaji wakae pamoja. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa katika ajali ya ndege Januari 1959 na kuzikwa ukingoni mwa kreta, waliutangazia ulimwengu kwamba Serengeti isife. Kitabu chao kilisomwa katika lugha nyingi. Mwaka 1974 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondolewa kwa nguvu. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika hifadhi. Kikaruhusiwa tena kwa kiasi mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikiwapeleka wakazi katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, ikieleza kwamba wakazi na mifugo wamezidi uwezo wa ardhi, na kwamba kila anayekwenda anakwenda kwa hiari yake na kupewa nyumba na shamba. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu walisema kwamba huduma za afya na elimu zilipunguzwa mpaka kukaa kukawa kugumu kuliko kuondoka, serikali ilikanusha. Agosti 2024 maelfu ya watu walikusanyika barabarani ndani ya hifadhi. Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wao Arusha, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya zoezi la uhamaji wa hiari.

Katika masimulizi haya yote kitenzi kimoja kinafanya kazi ya maneno kumi: kuhama. Kiswahili hapa kina utajiri ambao Kiingereza hakina. Mtu huhama, mtu huhamisha, mtu huhamishwa. Kwa kiambishi kidogo, mwenye nguvu hutokea au hutoweka. Anayehama ndiye mtendaji wa kuhama kwake, na utashi wake umo ndani ya kitenzi tayari. Ndiyo maana "kuhama kwa hiari" ni kifungu cha kushangaza. Hakuna asemaye alikula kwa hiari, au alilala kwa hiari. Kielezi kinapoongezwa mahali ambapo kitenzi hakikihitaji, huwa kimekuja kujibu swali ambalo mtu amekwisha kuliuliza. Aliyebuni kifungu hicho alikusudia kuondoa shaka, lakini sarufi imeiandika shaka hiyo kwa herufi kubwa. Neno zoezi nalo lina hila yake. Zoezi ni la mwanafunzi na la askari gwarideni, ni jambo la kujaribia; likitiwa mbele ya uhamaji, hupunguza uzito wa nyumba iliyovunjwa mpaka ukalingana na karatasi ya hesabu. Kabla yake lilikuwapo neno operesheni, lililoingia vijijini katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji. Wazee wengi hawakuhitaji kamusi kulielewa.

Iko hila kongwe zaidi. Wamasai wameitwa katika vitabu na ofisini "wafugaji wa kuhamahama". Urudufu wa kitenzi unaonyesha jambo linalofanywa mara kwa mara, bila kukoma wala kufika. Kwa watu ambao malisho yao ya kiangazi na ya masika yalijulikana kwa majina, na njia zao kwa vizazi, hilo ni neno la kizembe. Lakini madhara yake makubwa ni haya: aliyekwisha kuitwa mtu wa kuhamahama, siku akihamishwa haonekani kupatwa na jambo geni. Amehama mara moja zaidi. Pigo limefanywa kuwa tabia ya mpigwaji.

Hapo ndipo hata kumbo linapoonyesha kasoro yake. Mwandishi akisema kwamba watu wa Ngorongoro "wamekumbwa na uhamisho", amewatazama kwa huruma, na ameusikia msukumo; lakini amewaweka pamoja na waliokumbwa na mafuriko. Kitenzi hicho kimezoea kuchukua nyuma yake vitu visivyo na uso: njaa, tufani, nzige. Mtu au ofisi ikitiwa mahali hapo, huvaa nguo za tufani na hakuna awezaye kuipeleka mahakamani. Neno la Kiingereza lina kasoro hiyohiyo, na pengine ndiyo sababu linapendwa sana katika ripoti za kimataifa juu ya eneo hili. Mtu hubeba "brunt" ya uhifadhi, au ya utalii, au ya mabadiliko ya tabianchi, na yote matatu husimama kama majina ya hali ya hewa.

Kwa hiyo mfasiri ana kazi mbili zisizofanana. Penye upepo, mvua na tembo, aseme kumbo, dharuba, goshini, na aache athari kwa daktari na mkaguzi. Penye mkono wa mtu, jina lolote la nguvu ni maficho, hata likiwa zuri. Hapo Kiswahili kinadai kitenzi chenye kiambishi cha mtenda. Ichukuliwe sentensi moja ya Kiingereza ya aina inayochapishwa kila mwaka, isemayo kwamba wafugaji wa Ngorongoro wamebeba "brunt" ya siasa za uhifadhi tangu 1959. Tafsiri ya kawaida ni: "Wafugaji wa Ngorongoro wamekuwa waathirika wakubwa wa sera za uhifadhi tangu mwaka 1959." Haina kosa la sarufi na mwalimu ataipa alama. Tafsiri nyingine ni hii: "Serikali ya kikoloni iliwahamisha wafugaji kutoka Serengeti ikawapa Ngorongoro, serikali iliyofuata ikawatoa kreta, ikawakataza kulima, ikawaruhusu, ikawakataza tena, na tangu 2022 inawapeleka Msomera." Ni ndefu mara mbili. Neno "brunt" halimo ndani yake, wala kumbo, wala nguvu. Mhariri wa gazeti ataikata kwa ufinyu wa nafasi, na katika kuikata ataanza na vitenzi.